Mzee Bado na Maandishi ya Chini ya Rangi

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa rangi wa Idara ya Majengo atarudisha ngazi mbili, ndoo tano na ufunguo wa stoo, na kufunga utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda wote huo amechelewa kazini siku moja tu, na siku hiyo daraja lilikuwa chini ya maji. Jina lake la kwenye jalada tunalijua mimi, mkewe na daftari la mahudhurio. Kazini sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa Idara, tunamwita Mzee Bado.

Kamati ya maandalizi iliniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya leo. Masharti yalikuwa matatu: uwe wa ukurasa mmoja, uchangamshe, na usiguse “lile suala”. Kwenye kuchangamsha nimejitahidi. Hayo mengine mawili yamenishinda, na kwa kuwa mimi ndiye ninayechapa programu, mimi ndiye ninayezidurufu na mimi ndiye ninayezipanga vitini, hapakuwa na wa kunizuia. Kwa wasionijua, mimi ni karani wa masijala, yule mama wa dirisha la karibu na ngazi. Kila barua inayoingia au kutoka katika idara hii hupita mikononi mwangu, hugongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, hupewa namba, na ndipo huhesabika kuwa ipo. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa kanuni zetu, ni karatasi tu. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Mzee Bado aliajiriwa kama kibarua wa kukwangua kuta. Miaka mitatu alikwangua tu, brashi akiitazama kwa macho. Bosi wake wa kwanza, fundi mmoja mkali ambaye alikuwa haongei na mtu mpaka amalize chai, alimfundisha mambo mawili ambayo siku hizi ni nadra kumsikia mtu akiyafundisha. La kwanza ni kupima ukuta. Unachukua kipande cha nailoni inayoonyesha, ukubwa wa ukurasa wa daftari, unakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, unakwenda zako. Kesho yake unarudi. Kama ndani ya nailoni kuna matone, ukuta ni mbichi, hata kama ukiupapasa unauona mkavu. Usiupake. Ukiupaka, hasa kwa rangi ya mafuta, umeyafungia maji ndani, nayo yatatafuta pa kutokea, na pa kutokea penyewe ni usoni mwa rangi yako.

La pili ni penseli. Kabla ya mkono wa kwanza wa rangi, fundi huandika ukutani, upande wa kulia wa mlango, usawa wa kiuno: tarehe, hali ya ukuta, na alama yake. Kisha anapaka juu yake, maandishi yanapotea. Hayakuandikwa kwa ajili ya mwenye jengo wala bosi. Yanamngoja fundi mwingine, atakayekuja miaka ishirini baadaye kukwangua, ili ajue ukuta anaoushika ni wa namna gani. Mafundi wengine waliiacha desturi hiyo zamani, eti inapoteza muda. Yeye hakuiacha. Alama yake ni duara dogo lenye nukta katikati, na iko chini ya rangi ya shule, maktaba, vituo vya afya na ofisi za jiji hili, mahali pengi kuliko anavyoweza kukumbuka mwenyewe.

Miaka minane iliyopita, tulipokwangua maktaba, yakatokea maandishi yake ya enzi za ujana: “Ukuta mkavu. Leo asubuhi nimepata binti.” Kazi ilisimama. Binti mwenyewe, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu na mama wa watoto wawili, aliitwa kwa simu, akaja mbio na chaki mkononi, akasimama mbele ya ukuta ule akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Baba yake alimsubiri amalize, akachomoa penseli sikioni, akaongeza mstari wa pili: “Amekuja kuuona.” Halafu akapaka.

Jina lake la utani alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza kama ukuta uko tayari kupakwa, jibu lake ni “Bado.” Halilainishi, halipambi, wala haombi radhi. Mpishi wa kantini humuuliza kila siku kama ameshiba, ili tu alisikie. Mkewe, ambaye ni mshonaji hodari na msimulizi hodari zaidi, anasema siku mumewe alipokwenda ukweni kujitambulisha, kabla hata ya kukaa kitini, alipapasa ukuta wa sebule, akamwambia baba mkwe mtarajiwa kwamba nyumba imepakwa mbichi. Mwenye nyumba alifura kwa hasira, akamwonyesha mlango. Baada ya wiki tano rangi ya sebule ikaanza kubambuka, na baba mkwe akatuma mtu amwite. Alikwenda na brashi, akaondoka na mke. Mkewe anasema mpaka leo hajui aliyeposwa ni yeye au ule ukuta.

Hayo ndiyo mambo ambayo kamati ilitaka niyaandike, na yote ni kweli. Sasa nifike kwenye maji.

Mwezi wa tatu mwaka jana mto ulipanda, ukakaa ndani ya jiji siku sita. Uliposhuka uliacha mstari wa tope kwenye kila ukuta, mahali pengine magotini, pengine kifuani. Ile harufu mnaikumbuka. Milango ilivimba ikagoma kufungika; mlango wa ofisi yetu tuliufunga kwa kamba za viatu. Masijala yangu ilihamia juu koridoni, mafaili nikayaanika kwenye kamba na kuyabana kwa vibanio vya nguo, ya likizo upande huu, ya nidhamu upande ule. Kinyozi wa mtaa wa nyuma alihamishia kiti chake kwenye ngazi za benki, akawa ananyoa huku watu wanamruka. Shule zilisomesha kwa zamu mbili, soko likahamia barabarani, na kila paa lilikuwa na godoro. Majirani tulisalimiana kwa kuulizana kwako yalifika wapi, na mtu akijibu magotini, tulimwonea wivu.

Kila mtu alitaka kuufuta ule mstari. Siwalaumu, hata mimi niliuchukia kama nini. Lakini Mzee Bado alikuwa akizunguka na mfuko wa vipande vya nailoni, asubuhi kwenye majengo ya jiji, alasiri baada ya kazi kwenye nyumba za watu, akibandika, akibandua na kusema neno lake lile lile. Watu walimchoka. Shemeji yangu alimtoa sebuleni kwake kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye programu, akapaka siku hiyo hiyo rangi ya mafuta ya kijani, na mwezi wa sita alikuwa akila chakula chenye vipande vya kijani. Leo ndiye anayemsifia Mzee kuliko sisi sote. Waliomsikiliza walikaa miezi mitano na kuta zilizokwanguliwa, madirisha wazi, wakiona haya kukaribisha mgeni, na nyumba zao ziko safi hadi leo. Nendeni mkaangalie.

Mmoja wa waliomsikiliza ni mke wa Mkuu wetu wa Idara. Ndiyo, huyo huyo. Mama yule ana akili zake. Alimwita Mzee, akabandikiwa nailoni, akaambiwa bado, akasema sawa baba, nitangoja. Sebule ya Mkuu wa Idara ilikaa miezi mitano bila tone la rangi, na Mkuu wa Idara aliishi humo, akala humo, akapokea wageni humo. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mheshimiwa alikuwa hajui ukuta mbichi ni nini.

Sasa lile suala. Wodi ya wazazi ya kituo cha afya cha jiji ilikuwa imeingia maji kifuani. Wiki ya saba baada ya mafuriko ikatangazwa kwamba itafunguliwa upya mbele ya wageni na wapiga picha, baada ya siku nne. Mzee Bado alibandika nailoni kumi na mbili. Kesho yake zote kumi na mbili zilikuwa zinachuruzika. Alikuja idarani, akasimama kwenye ngazi, hatua tatu kutoka dirisha langu, akamwambia Mkuu wa Idara kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kwamba ukuta ule unahitaji miezi mitatu, madirisha yaachwe wazi, na kama ni lazima upakwe kitu basi upakwe chokaa ili upumue. Mkuu wa Idara akamjibu kwamba chokaa haing'ai kwenye picha. Alitaka rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, mikono miwili. Mzee akasema, “Bado.” Mkuu akasema, “Wewe paka.”

Akapaka. Mtumishi akiagizwa na mkuu wake hufanya nini? Na alipaka kwa mkono ule ule wa siku zote, kingo zimenyooka, hakuna tone sakafuni. Wageni walijiona kwenye ukuta. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa, na Mkuu wa Idara alisimama katikati.

Wiki ya tatu ukuta ukaota malengelenge. Wiki ya tano, saa nne asubuhi, gamba la rangi lenye ukubwa wa shuka lilibanduka likaangukia kitanda cha mama aliyejifungua siku iliyotangulia. Yule mama aliwahi kuinama akamfunika mwanawe kwa mgongo wake. Nyuma ya gamba kulikuwa na ukungu mweusi, ukuta mzima. Muuguzi mkuu wa wodi aliwahamishia kina mama kumi na wanne koridoni pamoja na watoto wao, na watoto watatu wakakohoa wiki nzima. Haya niliyasikia kwa muuguzi mwenyewe, aliyenisimulia kwa hasira, nami nayaandika kwa hasira ile ile.

Wapiga picha wale wale walirudi, safari hii bila utepe. Idara ikahitaji mtu wa kubebeshwa zigo, na isingekuwa mtu mwenye kiti cha kuzunguka. Mwezi wa saba ikatoka barua ya onyo, yenye saini ya Mkuu wa Idara, kwa fundi mkuu wa rangi, kwamba alipaka kuta za wodi “bila kutoa taarifa yoyote kuhusu hali ya ukuta”.

Barua hiyo niliichapa mimi. Nilikuwa nimemsikia pale kwenye ngazi kwa masikio yangu haya mawili, na bado vidole vyangu hivi kumi viliandika “bila kutoa taarifa yoyote”. Niligonga muhuri, nikaipa namba, nikajiambia mimi ni karani tu, siandiki yangu. Alipokuja dirishani kuichukua aliisoma yote, akaikunja mara mbili, akasaini kitabu cha kupokelea, halafu akaniuliza kama mwanangu amepona ile homa. Nilimjibu amepona. Sikusema lingine lolote, na nimeona aibu kila siku ya kazi tangu siku hiyo.

Siku mbili baadaye muuguzi mkuu alinipigia simu, akaniambia njoo uone kitu. Nilikwenda wakati wa chakula cha mchana na mtunza stoo wetu. Upande wa kulia wa mlango, usawa wa kiuno, pale gamba lilipobanduka, palikuwa na maandishi ya penseli: tarehe ya siku mbili kabla ya ufunguzi, kisha “Ukuta mbichi. Nimesema. Nimeagizwa nipake.” Chini yake duara, ndani ya duara nukta. Tuliyasoma watatu. Mtunza stoo, ambaye si mtu wa maneno, alivua kofia.

Muuguzi alipeleka habari kwenye kamati ya nidhamu. Jamani, sikilizeni kilichofuata. Mjumbe wa kwanza aliuliza kuna uthibitisho gani kwamba maandishi hayo hayakuandikwa baadaye. Baadaye! Yalikuwa chini ya rangi! Mzee alipitia wapi, ndani ya tofali? Mjumbe wa pili, aliyejiona mwerevu zaidi, alisema hata kama yaliandikwa kabla, ukuta si waraka rasmi. Hauna namba, hauna muhuri, haukupitia masijala. Kwa hiyo taarifa haikupokelewa, na taarifa ambayo haikupokelewa ni sawa na ambayo haikutolewa. Mzee aliposema kwamba alitoa taarifa kwa mdomo pia, Mkuu wa Idara alisema hakumbuki. Ndipo wakanigeukia mimi, nithibitishe kama kuna ukuta wowote uliowahi kusajiliwa katika masijala ya idara. Nikathibitisha kwamba hakuna. Hakuna aliyeniuliza nilisikia nini kwenye ngazi, na mimi nikaufyata.

Kesho yake mkandarasi aliletwa wodini kuukwangua ukuta ule hadi kwenye tofali na kuupaka upya. Bomba la wodi ile ile lilivuja miezi minane, barua tisa zimepita dirishani kwangu, fundi hajaonekana. Lakini maneno matano ya penseli yalipatiwa fundi ndani ya siku moja! Eti na kuna watu wanasema idara yetu inafanya kazi taratibu.

Nimekasirika? Ndiyo, nimekasirika, na sioni kwa nini nijifiche nyuma ya maneno laini. Kila mstaafu tunayemuaga tunamwandikia kwamba alikuwa mwadilifu na mchapakazi, tunapiga makofi, tunakunywa soda, basi. Huyu alikuwa hivyo kwelikweli, mbele ya macho yetu, na tulimpaka tope wiki zile zile alizokuwa akitusaidia kulikwangua kwenye kuta zetu. Tulifanya hivyo sote. Aliyetoa amri ni mmoja, lakini tulionyamaza tulijaa jengo zima.

Kwa nini niyachimbue leo? Kwa sababu ya chuo cha ufundi cha ng'ambo ya barabara. Wameanzisha darasa la kutengeneza majengo yaliyoingiwa na maji, na mkuu wa chuo amekuja mwenyewe kwa miguu kusema mwalimu anayemtaka ni mmoja tu. Muhula unafunguliwa Jumatatu, tarehe kumi ya mwezi ujao. Wanachodai ni cheti cha utumishi usio na doa, na kwa kanuni zetu mwenye barua ya onyo ndani ya miaka miwili hapewi cheti hicho. Tazameni ratiba, ukurasa wa nyuma, namba saba. Kwa kila mstaafu niliyewahi kumchapia ratiba, namba saba ilikuwa “Kukabidhi cheti”. Leo imeandikwa “Kukabidhi saa ya ukutani”. Saa ya ukutani! Kwa vitu vyote vilivyojaa madukani, huyu mtu tumemchagulia kitu cha kutundika ukutani.

Yeye hajalalamika. Alikuja tu dirishani mwezi uliopita akauliza, kwa adabu kama anauliza saa za kufungua ofisi, barua ikiwa ya uongo hutolewa jaladani kwa njia gani. Nilimwambia aliyeitoa anaifuta kwa maandishi. Akasema, “Haya, mama,” akaenda zake. Mkewe ananiambia ameshachonga penseli ishirini na nne, moja kwa kila mwanafunzi wa lile darasa, zimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Kila Jumapili huziteremsha akazitazama ncha.

Jumatatu hii alipewa kazi yake ya mwisho, nayo ni kupaka ukumbi huu mlimoketi kwa ajili ya sherehe yake mwenyewe. Ukumbi huu uliingia maji kifuani. Baada ya hapo uligongelewa mbao madirishani ukafanywa stoo ya magodoro yaliyolowa, na mtaro wa nyuma uliopasuka unamwagia maji kwenye msingi mpaka leo hii mnaposoma. Alibandika nailoni, ikajaa matone. Akasema bado. Akaambiwa rangi ya mafuta, ya maziwa, mikono miwili, maana kutakuwa na picha.

Jumanne saa tano asubuhi nilimfuata na chupa ya chai na mkoba wangu. Nilimkuta amechuchumaa karibu na mlango, tayari kuandika. Nilimwomba mara hii asiandike pale, aandike kwenye ukuta wa nyuma ya meza kuu, usawa wa macho, kwa herufi za kusomeka. Alisogeza ndoo, akaandika: tarehe, kisha “Ukuta mbichi. Nimesema. Nimeagizwa nipake.” Duara. Nukta.

Ndipo nikafungua mkoba, nikatoa kidau cha wino, kitabu cha masijala na muhuri. Niliugonga ukuta. IMEPOKELEWA, tarehe, saini yangu, namba ya kumbukumbu. Kisha nikauandika kitabuni kama waraka mwingine wowote. Kutoka kwa: fundi mkuu wa rangi. Kwenda kwa: Mkuu wa Idara. Aina ya waraka: ukuta. Idadi ya kurasa: moja. Mzee Bado alicheka mpaka akashikilia ngazi, na sikuwa nimemwona akicheka tangu mwezi wa saba mwaka jana. Halafu akapaka juu yake, mikono miwili, kama alivyoagizwa.

Kwa hiyo wajumbe wa kamati ya nidhamu wasije wakaniambia tena kwamba ukuta haukupitia masijala. Umepitia. Na waraka uliopokelewa lazima ujibiwe ndani ya siku ishirini na moja. Hiyo ni kanuni yenu, sikuitunga mimi. Siku hizo zinaisha tarehe kumi na nane ya mwezi ujao, na Mzee anakadiria kwamba ndiyo wiki ambayo malengelenge ya kwanza yatatokea.

Shida ni kwamba chuo kinafunguliwa tarehe kumi. Ukuta utasema ukweli, ila utachelewa kwa siku nane. Ndiyo maana nimesema mimi. Pamoja na ule ukuta nimesajili waraka wa pili, maelezo yangu mwenyewe yenye saini kamili, ya yale niliyoyasikia pale kwenye ngazi mwaka jana na nikayanyamazia. Wakitaka kuniandikia barua ya onyo, waniandikie. Nitaichapa mwenyewe, na safari hii kila neno litakuwa la kweli.

Juu ya meza kuu, mbele ya Mkuu wa Idara, kuna jalada la bluu. Ndani yake nimeweka karatasi mbili. Moja ina sentensi moja ya kuifuta ile barua. Nyingine ni cheti, kimeshachapwa, jina limeandikwa sawasawa. Zote mbili zinahitaji saini tu. Kalamu ipo pembeni, nimeijaribu, inaandika. Saa ya ukutani nayo mwacheni aichukue, hatukatai zawadi.

Mzee wetu, asante kwa miaka thelathini na minne ya kutuambia tusichotaka kusikia. Asante kwa kila nyumba uliyoibandika nailoni bila kuitwa, na kwa kuniuliza habari ya mwanangu siku ambayo sikustahili kuulizwa. Nisamehe. Sisi unaotuacha hapa tunakuombea afya, kuta kavu, madirisha yaliyo wazi, na Jumatatu ya tarehe kumi ukiwa umesimama mbele ya watu ishirini na wanne wenye penseli masikioni.

Waheshimiwa wa meza kuu, kwa usalama wa suti zenu, mnaombwa msiegemee ukuta. Bado.